LAFUDHI YA ZAMUNDA: NANI ANAMCHEKA NANI?

Yeyote aliyewahi kufundisha Kiswahili hapa Kigali anajua jinsi herufi mbili, "l" na "r", zinavyoweza kulivuruga darasa. Mwanafunzi anasimama, anaeleza kwamba alikwenda "kupiga kula" siku ya uchaguzi, na wenzake, ambao wiki iliyopita walikosea vilevile, wanacheka mpaka machozi yawatoke. Anaketi, na kwa siku kadhaa hasemi tena. Ndiyo maana nimeamua kuihakiki upya filamu ambayo wengi wetu tunaipenda na ambayo baadhi ya walimu huitumia kuanzishia mjadala: Coming to America ya mwaka 1988, iliyoongozwa na John Landis.

Kisa chake kinajulikana. Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika. Anakataa kuchaguliwa mke, anafunga safari na msaidizi wake Semmi (Arsenio Hall) hadi Queens, New York, na huko anajifanya maskini, anapiga deki mkahawani. Mfalme ni James Earl Jones, na ile sauti yake nzito peke yake yatosha kuwa taji. Tusilidharau jambo moja: hii ni filamu ya vichekesho ya Hollywood ambayo karibu wahusika wake wote wakuu ni weusi, na Mwafrika ndiye tajiri na muungwana kuliko wenyeji wake.

Lakini hebu tusikilize lugha. Filamu inafunguliwa kwa Mbube, wimbo wa Kizulu, ukiimbwa na Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini. Tembo anapita katika viwanja vya kasri. Lafudhi ya Akeem nayo haitoki Lagos, wala Nairobi, wala Kigali. Ni lafudhi ya "Mwafrika" kwa jumla. Kejeli huhitaji mlengwa anayejulikana. Hapa hajulikani, basi sote tunaenea ndani yake. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2021, miaka 33 baadaye, lafudhi ilikuwa ileile.

Sasa linganisha na kinyozi. Murphy na Hall, chini ya vipodozi vya Rick Baker, wanageuka kuwa wazee wanaobishana kuhusu mabondia: nani alimpiga nani, nani mwongo. Murphy anaigiza kinyozi, na papo hapo anaigiza mteja mzee wa Kiyahudi. Ondoa ndondi, weka APR na Rayon Sports, utadhani umeketi Biryogo! Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufundi wa kweli wa filamu hii, kwa sababu Murphy anayajua maneno ya watu hawa, vituo vyao na jinsi wanavyokatizana.

Ujuzi huohuo alikuwa nao marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Majuto alipocheza mzee mkorofi alikuwa akiwacheka wazee wa kwao, kwa Kiswahili cha kwao. Mwanafunzi wetu huishia kucheka anapoanguka tu, maneno yakampita. Hilo ni deni letu sisi walimu. Hata hivyo vichekesho vya Tanzania navyo vina Zamunda yao: yule mtu wa bara, au Mkongomani, ambaye akifungua kinywa tu watu wanacheka kabla hajasema lolote. Wanafunzi wetu wakimwona huyo, wanajiona wenyewe.

Wapo wenzangu wanaoshauri filamu hizi ziondolewe darasani, kwa kuwa zinaharibu Kiswahili sanifu. Sikubaliani nao. Kiswahili sanifu hakijafa kwa sababu ya Majuto. Kinachonitia hofu ni ule ukimya wa mwanafunzi aliyeketi.

Muhula uliopita niliwaonyesha kipande cha kinyozi, nikawataka wakiigize kwa Kiswahili. Yule wa "kupiga kula" aliomba awe kinyozi. Alizichanganya "l" na "r" makusudi, kila sentensi, akiwatazama wenzake usoni, na darasa lilicheka pale alipotaka yeye. Katika mtihani wa matamshi bado alikosea, lakini alizungumza dakika zake zote kumi.