"Mchimbaji Mdogo": Neno na Mipaka Yake

Katika maandishi yahusuyo machimbo ya Shinyanga na Geita ni majina machache yatumiwayo mara nyingi kama "mchimbaji mdogo", na machache zaidi yaelezwayo kwa uhafifu kama hilo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haikupima udogo wa mtu. Iliweka leseni ya uchimbaji mdogo, itolewayo kwa raia wa Tanzania, kwa muda wa miaka 7. Sifa ya udogo, basi, ni ya leseni; usemi wa kila siku ndio ulioihamisha ukamvika mtu.

Uhamisho huo ungekuwa jambo jepesi la sarufi lau usingegusa riziki za watu. Machimboni yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara agharimiaye kazi, tena wako washukao shimoni, ambao ujira wao aghalabu ni mgawo wa mifuko ya mawe. Wote huitwa wachimbaji wadogo. Mwaka 2019 Bunge liliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwaka huo huo likafunguliwa soko la madini la Geita, na dhahabu ikatakiwa iuzwe sokoni. Nafuu na amri zilikuja pamoja, wala amri yenyewe si mbaya, maana mizani ya wazi humkinga muuzaji na walanguzi. Lakini mwenye mifuko 2 ya mawe hana dhahabu ya kupeleka sokoni mpaka apite kwa mwenye karasha. Nafuu iliyotolewa kwa jina lake imemfikia nani?

Lugha ya wenyeji hupambanua vizuri zaidi. Huko Mwadui, ambako Dakta Williamson aligundua almasi mwaka 1940, aingiaye mgodini kwa siri huitwa "mbeshi". Geita nako, mawe yatupwayo na mgodi mkubwa huitwa "magwangala", na wananchi wamedai kwa muda mrefu ruhusa ya kuyachukua. Jina hilo lina hoja ndani yake: kilichokwisha kutupwa hakiibwi. Sheria haisikii hoja hiyo. Humwuliza aokotaye idhini yake tu.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Wafasiri, basi, wasilipokee "mchimbaji mdogo" kama lilivyo. Mwenye leseni na aitwe mwenye leseni, naye agawiwaye mawe apewe jina lake mwenyewe katika vifungu.