Kuhama Bila Kuhamia: Mwanamke Aondokaye Peke Yake katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Mtazamo wa Kampemba

Kuhama ni kutoka mahali. Kuhamia ni kuingia mahali pengine na kukaa hapo. Kisarufi tofauti ya vitenzi hivi viwili ni ndogo, kwani ni kiambishi kimoja tu cha kauli ya kutendea, lakini kifasihi umbali uliopo baina yao ni mkubwa. Riwaya ya Kiswahili imeandika mengi juu ya mwanamke ahamaye baada ya ndoa au mapenzi yake kuvunjika. Juu ya mwanamke ahamiaye imeandika kidogo mno. Makala haya yanachunguza pengo hilo, na yanalichunguza kutoka Kampemba, mojawapo ya komini za Lubumbashi, kwa sababu mahali anaposimama msomaji hubadili kile anachokiona katika maandishi.

Kampemba iko upande wa mashariki wa jiji. Ina mtaa wa viwanda, na ina mitaa ya makazi kama Bel-Air, Bongonga, Kigoma na Hewa Bora. Majina hayo pekee yanatosha kumwonyesha mgeni kwamba hapa si mahali pa watu waliokuwapo tangu zamani: mtaa mmoja una jina la Kifaransa, mwingine una jina lilelile kwa Kiswahili, na wa tatu una jina la mji ulioko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini, na jiji likajengwa na watu waliotoka kwingine. Mwanzoni wengi wao walikuwa wanaume wa mikataba mifupi, wakiwamo waliotoka Rhodesia ya Kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilipoamua kuwatuliza wafanyakazi wake pamoja na wake zao, wakaja wengi kutoka Kasai na Ruanda-Urundi. Kwa wajukuu wa watu hao kuondoka nyumbani si kioja. Ndio mwanzo wa ukoo.

Hata hivyo, mwanamke aliingia katika historia hiyo kwa mlango wa mumewe. Nyumba ya kampuni ilikwenda na kazi ya mume. Ndoa ikivunjika, mke alikuwa amepoteza na paa. Sheria nayo ilikuwa na kitenzi chake. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimlazimu mke kuishi na mumewe na kumfuata popote ambapo mume aliona panafaa kukaa, na ilimtaka apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria katika mambo mengi. Idhini hiyo iliondolewa na marekebisho ya mwaka 2016. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 kitenzi halali cha mwendo wa mke nchini Kongo kilikuwa kufuata. Yule aliyehama bila kumfuata mtu hakuwa na kitenzi cha kisheria, na ni haki kuuliza kama fasihi ilimpa kingine.

Jibu la riwaya za mwanzo ni la kusikitisha. Katika *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyowahi kuzuiwa shuleni nchini Tanzania, Rosa anapokataliwa na mchumba aliyemtumaini hana anakokwenda ila kaburini. Mwandishi ana ujasiri mwingi katika kuonyesha ukali wa baba na unafiki wa jamii. Lakini ujasiri huo unaisha pale ambapo msomaji angetazamia Rosa apande meli ya Mwanza asirudi. Katika *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anaitoroka nyumba aliyofungiwa na baba yake, Maksuudi. Ni kweli kwamba yeye hakuachwa na mume, bali alikata mwenyewe kamba ya baba. Hata hivyo njia aliyochorewa ni ile ile. Mara anapofika mjini anaangukia katika nyumba ya umalaya, na ingawa mwandishi hamwachi afie shimoni, mji wenyewe haupewi sura nyingine kwa mwanamke asiye na mtu. Hana kodi ya chumba ya kulipa wala jirani wa kumkopa chumvi. Hatafuti kazi siku tatu akaikosa, akaipata ya nne. Ni mji wenye shimo tu.

Hapa uhakiki una sehemu yake ya lawama, pengine kubwa kuliko ya waandishi. Kiswahili kina maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja: upotevu, yaani hali ya kupotea au ya kukosekana kwa kitu, na upotovu, yaani ubaya wa mwenendo. Mtu aliyepotea machoni pa nduguze hajawa mpotovu kwa sababu hiyo. Huenda yuko mahali fulani anafua nguo zake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Lakini katika insha nyingi za uhakiki zilizowafunza wanafunzi kusoma riwaya hizi, neno la kwanza liliteleza kimyakimya likawa la pili. Mhusika akitoka nje ya ukoo huandikwa chini ya kichwa cha "kuporomoka kwa maadili", kisha husifiwa mwandishi kwa uhalisia wake. Swali la kama mambo hayo ni halisi haliulizwi, kwa kuwa linachukuliwa kuwa limekwisha kujibiwa.

Shafi Adam Shafi alilijibu vingine. *Vuta N'kuvute* (1999) ndiyo riwaya iliyokaribia zaidi kusimulia kuhamia. Yasmin, msichana aliyeozwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno, anapelekwa Mombasa, kisha anamkimbia mumewe na kuvuka bahari peke yake kurudi Unguja. Jamaa zake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke ambaye kwa Wahindi wa mjini hakuwa mtu wa kukaliwa karibu. Kurasa za nyumba ya Mwajuma ni bora kuliko zote katika kitabu hicho, hata zikilinganishwa na zile za harakati za Denge na wenzake ambazo wahakiki huzipenda zaidi. Katika kurasa hizo mwandishi anatulia. Yasmin anajifunza kula chakula ambacho hakukizoea na kulala penye watu wengi. Anaambiwa ukweli bila kubembelezwa, na anacheka. Anapoteza adabu alizolelewa nazo na kupata nyingine, na msomaji anaona kwamba hizi za pili ni adabu pia. Hakuna mhubiri anayeingia kumhukumu. Kasoro yake ni kwamba riwaya yenyewe inayaharakisha hayo; siasa inamchukua Yasmin, na hatimaye inamfikisha kwenye ndoa nyingine, kana kwamba miezi ya kwa Mwajuma ilikuwa chumba cha kungojea. Hata hivyo jambo limekwisha kuonyeshwa: mwanamke anaweza kuanguka kutoka katika ndoa akadondokea kwa mwanamke mwenziwe, si shimoni.

Je, hilo lilikuwa halisi kuliko kaburi la Rosa? Historia inasema ndiyo, na inasema hivyo kwa nchi nyingi za Kiswahili. Kitabu cha Luise White cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni kiliwasikiliza wanawake waliofika huko peke yao, na miongoni mwa waliojulikana sana Pumwani katika miaka ya 1930 walikuwa Wahaya waliotoka Bukoba, nchi nyingine kwa mipaka ya wakati ule. Wengi waliishi kwa kazi ambayo wahubiri na maofisa waliilaani. Lakini White aliiona kuwa ni kazi: ina mapato, ina akiba, ina fedha zinazorudi kwao kuinua nyumba za wazazi, na baadhi ya wanawake wa Pumwani walifika kumiliki nyumba zao wenyewe. Mtu aliyenunua nyumba amekwisha kuhamia. Riwaya ya Kiswahili iliyochora umalaya mara nyingi kiasi hicho haijamchora mwenye nyumba huyo, ingawa alikuwapo kabla ya waandishi wake kuzaliwa.

Mfano mwingine ni wa mtu anayejulikana na wote. Fatma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alisimulia kwamba aliozwa akiwa msichana mdogo, akaitoroka ndoa hiyo na kwenda bara. Kwamba ndoa ya baadaye nayo ilimshinda, na safari hii akaelekea kaskazini hadi Misri, kisha akarudi Unguja na kukaa katika nyumba yake. Alipofariki Aprili 2013, maelezo yaliyotolewa juu yake yalisifu sauti, ngoma, sigara, na umri ambao hakuna aliyekuwa na hakika nao. Misri ilipewa sentensi moja. Hata filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, ambayo ilimpa Bi Kidude nafasi kubwa ya kujieleza, inamtaka zaidi awe mzee wa ajabu kuliko awe kijana aliyeachika na kupanga chumba katika mji wa kigeni. Ugeni wake umefanywa kuwa kipaji, na kipaji hakihitaji kuelezwa aliishije.

Turudi Katanga. Maandishi makuu ya Kiswahili cha jiji hili, *Vocabulaire* ya André Yav ya mwaka 1965, ni kitabu cha kuhamia tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wake anawasemea watumishi wa nyumbani waliowafuata mabwana wao hadi Elisabethville, na anajua njia, mishahara, chakula na matusi. Hakuna riwaya ya pwani yenye maarifa hayo ya kufika. Ila anasema "sisi", na "sisi" hiyo ni ya wanaume. Wanawake wanapita pembeni. Kundi la Mufwankolo, ambalo michezo yake Walter Schicho na Mbayabo Ndala waliichapisha mwaka 1981 na ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha 1990, liliwapa wanawake sauti kubwa zaidi, kwa kuwa magomvi ya nyumbani ni chakula cha kila siku cha vichekesho vya redio na televisheni. Lakini kichekesho kifupi kina sharti la umbo lake. Jukwaa ni sebule, na sebule ina mlango mmoja; mke akitoka kwa hasira ametoka katika mchezo. Waliobaki ndani hugombana juu yake, hujuta, humtuma shangazi. Mtazamaji hamwoni kituoni akihesabu nauli.

Nauli hiyo ni ya wapi? Kwa msomaji wa Unguja ng'ambo ni ya maji. Kwa msomaji wa Kampemba ni barabara ya kusini: kilomita zipatazo 90 hadi Kasumbalesa, kisha miji ya shaba ya Zambia, Lusaka, na kwa wenye pumzi na hati, Johannesburg. Ni njia ya ile reli ya 1910, kinyume. Mwanamke anayeishika peke yake baada ya kuachana na mumewe anakutana na mambo ambayo ni mali safi kwa mwandishi wa riwaya. Katika miji ya shaba anakuta Kibemba, lugha iliyokwisha kuingia katika Kiswahili cha nyumbani kwake, hivyo anaelewa nusu ya maneno na kuchekwa kwa nusu ya pili. Lusaka anahitaji Kinyanja. Johannesburg Kiswahili kinabadilika cheo: kile kilichokuwa lugha ya soko na ya mama yake kinakuwa njia ya kupata chumba kwa Mtanzania au kazi kwa Mkongo mwenziwe, na wakati huohuo kinamrudisha machoni pa watu wa kwao, ambao huuliza mume yuko wapi. Ugeni unampa uhuru wa kutojulikana, lugha inaunyang'anya. Ni mgongano ambao hauhitaji malaya wala maiti ili usomeke.

Patakuwa na pingamizi kwamba madai haya yanaomba fasihi ya kubembeleza, na kwamba mpakani kuna askari wenye mikono mirefu, kuna watoto walioachwa kwa bibi zao, kuna wanaokufa. Pingamizi hilo ni la kweli kwa kadiri lilivyo. Anayekufa na aandikwe amekufa. Kinachokataliwa ni mazoea ya kuandika kifo badala ya mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi wa kwanza unamtaka mwandishi ajue bei ya makaa. Watoto walioachwa nao wanastahili riwaya inayojua mama yao alituma nini, lini, na kwa mkono wa nani; mama aliyekwisha kugeuzwa kuwa funzo hawezi kutuma kitu.

Kiswahili cha Lubumbashi kina hata chombo cha kazi hiyo, chombo ambacho wasanifishaji wamekizoea kama kosa. Badala ya kiambishi cha mahali mwishoni mwa nomino, wasemaji hutanguliza *ku* au *mu*. Mwanzoni, mwanamke aliyeondoka husemwa kwamba *aliendaka ku Lusaka*, na sauti ya msemaji inabaki na ule mwendo, kana kwamba yu njiani bado na aweza kurudishwa. Baada ya muda, bila mtu kutangaza, jirani yuleyule wa Kampemba akiulizwa habari zake hujibu: *iko mu Lusaka*.