Foto ya teatri na maneno yake

Wengi wameandika juu ya ngoma, hadithi na mila za wazee wetu. Mimi nataka kugusa jambo la siku hizi ambalo limeingia ndani ya mila hizo bila kupiga hodi: kupiga foto watu wanaocheza teatri. Hoja yangu ni moja. Foto ya mchezo ikitoka bila maneno ya mchezo imepunguka, na hapa kwetu Ituri inaweza kumtia mchezaji katika hatari.

Mwaka 1947, mjini Edinburgh huko Uskoti, vikundi 8 vya teatri vilifika bila kualikwa, vikacheza pembeni ya tamasha kubwa. Toka hapo tamasha za pembeni zimeenea duniani. Sisi wa Bunia teatri yetu karibu yote ni ya pembeni: kiwanja cha parokia, darasa lililosukumwa madawati mpaka ukutani, fasi yoyote yenye kivuli. Kikundi cha namna hiyo hakina mpiga foto wa kulipwa. Mwenye telefone ndiye mpiga foto, na wenye telefone ni wengi.

Tusiseme kwamba foto ni mbaya. Kikundi kisichokuwa na foto kitajionyesha namna gani kwa watu wa Goma, Kisangani ao Kampala ili kialikwe? Na sisi walimu tunajua furaha ya mzazi anayemwona mtoto wake amevaa kanzu ya chifu. Lakini tuangalie foto zenyewe. Karibu zote ni sura: mlevi anayechekesha, chifu, bibi-arusi. Mama wa safu ya pili aliyemjibu mchezaji kwa sauti hayuko. Na hapo ndipo nusu ya mchezo inapotelea. Teatri yetu imetoka katika hadithi za moto wa jioni, ambapo msimuliaji asipojibiwa ananyamaza. Mchezaji akiuliza “Sasa nifanye nini?”, watu wanamshauri, wanamkatalia, wanamcheka. Lakini mwenye kuinua telefone hajibu. Mkono wake umeshikwa, macho yake yako kwenye kioo, na wa nyuma wanalalamika: “Inama basi, hatuone kitu!” Kukiwa na telefone 40 mbele, mchezaji anaongea na ukuta. Tena usiku, taa ni moja na jenereta inakohoa. Mwanga wa foto ukipasuka usoni mwake, machozi aliyotafuta tangu mwanzo yanakauka.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1870 Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyekuja kutafuta majani na miti, alimwona mfalme Mbunza wa Wamangbetu akicheza, akamchora. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang, aliyetumwa na makumbusho ya New York, alipiga foto za mfalme Okondo akicheza vilevile. Ni kazi ya thamani. Leo mjukuu anaweza kuona kofia, mikufu, ukubwa wa jumba. Lakini wimbo uliomwinua mfalme, na jibu la watu waliomzunguka, haviwezi kusikika katika karatasi. Mwili umebaki, maneno yameenda.

Linganisha na kazi ya Lubumbashi. Mwaka 1986 kikundi cha Mufwankolo kilitunga kwa Kiswahili mchezo unaoitwa Le pouvoir se mange entier. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Waliutunga kwa kuongea, katika mazoezi, mpaka ukarekodiwa kwa televisheni katika kijiji cha Kawama. Mtaalamu Johannes Fabian alikuwapo, akanasa sauti, akaandika walivyosema, hata walivyobishana, akatoa kitabu mwaka 1990. Ndiyo sababu leo tunaweza kujua mchezo ule ulikuwa unasema nini juu ya utawala. Foto peke yake ingetuambia tu kwamba kulikuwa na chifu.

Sasa nifike kwenye hatari. Michezo yetu mingi inaongea vita, ju vita tumeiona: ile ya 1999 mpaka 2003, na mauaji yaliyorudi Djugu mwisho wa 2017. Mei 2021 Ituri ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kijana anayecheza muasi anashika bunduki ya mbao, anavaa majani kichwani, anatisha. Katika sehemu ya tatu ya mchezo anaweka bunduki chini na kuomba msamaha. Mpiga foto hangoji sehemu ya tatu. Bunduki ndiyo inayopendeza. Foto inatumwa kwa rafiki, rafiki anatuma mbele, na kesho iko Mahagi ama Komanda bila jina la mchezo. Huko wanauliza: “Ule ni nani? Ni mutu wa kabila gani?” Nani atawajibu kwamba ni mwanafunzi wa darasa la sita? Kwenye bariere hakuna anayefungua pazia ili aonyeshe mwisho wa mchezo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote hayaombi pesa. Kwanza, kikundi kitoe nafasi ya foto siku ya zoezi la mwisho, ama dakika tano baada ya mchezo, wachezaji wakiwa bado na mavazi. Wakati wa mchezo, telefone zilale mfukoni. Pili, foto yoyote yenye silaha, hata ya mti, iandikwe juu yake jina la mchezo, fasi na tarehe kabla haijatumwa. Ikiwezekana, mchezaji mwenyewe aulizwe kwanza. Tatu, chama chetu kifungue daftari moja kando ya foto zake: mchezo ulikuwa unasema nini, nani alicheza nani, na watu walijibu nini. Kazi hiyo ya mwisho naiomba kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, maana wao wanasikia vizuri na wanaandika haraka. Daftari likijaa, tutakuwa na kitu cha kuwapa wale watakaouliza kesho jinsi Bunia ilivyocheka na ilivyolia.