Mkono wa mbebeshaji

Mnada wa korosho ukishafunguliwa, mazungumzo ya Nachingwea na Ruangwa ni bei tu. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI wameuza kwa ngapi, daraja la kwanza limekatwa kiasi gani, hela zitaingia lini benki. Aliyeubebesha mti hatajwi. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari Nachingwea alikuwa mmoja wa hao wasiotajwa. Matangani tulimsifu kwa ucheshi na upole, na ni kweli alikuwa navyo, lakini wapole tunao wengi. Mimi namsifu kwa kazi yake.

Mbegu ya mkorosho haina dhamana. Unaokota korosho chini ya mti unaozaa kupita yote shambani, unapanda, na baada ya miaka kadhaa unapata mti mvivu, kwa sababu maua yalichanganya chavua na miti ya jirani. Ndiyo maana watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, walichagua miti bora wakaizalisha kwa kubebesha. Hapo ndipo unapohitajika mkono wa mtu.

Marehemu aliuzunguka mti kwanza, kimya, akitafuta ncha za matawi zenye macho yaliyovimba bila kufunguka. Aliyapunguza majani akabakiza vikonyo vyake, akaondoka. Siku chache baadaye vikonyo vya majani vikidondoka vyenyewe kwa kuguswa tu, alijua tawi liko tayari. Alilichonga kwa wembe pande mbili liwe kabari, akapasua mche uliokatwa kichwa, akachomeka ganda kwa ganda, akafunga kwa utepe wa nailoni. Yote hayo kabla utomvu haujakauka. Utomvu wa mkorosho unaunguza. Vidole vyake vilikuwa na mabaka meusi mwaka mzima, na hakuvificha hata alipovaa suti.

Kipaji kingine kilikuwa mdomoni. Mzee mmoja wa Ruangwa alikataa mkorosho wake mkongwe ukatwe ili machipukizi yake yabebeshwe.

“Mjukuu wangu, mti huu umenisomeshea watoto.”

“Sibishi, babu. Umesomesha, sasa umestaafu. Tuupe kazi nyingine.”

Mzee alicheka, na msumeno ukaingia.

Nachingwea imeshaona mipango mikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli; kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Korosho zenyewe ziliwahi kuanguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ilikuwa mbaya, watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, na ugonjwa wa ubwiri unga ukakausha maua. Tangu hapo husemwa sana habari ya salfa ya kuzuia ubwiri na mauzo ya stakabadhi ghalani, na ni haki zisemwe. Ila salfa haiugeuzi mti mvivu kuwa mzazi. Anayeugeuza ni mtu aliyechuchumaa na wembe, anayeutazama mche mmoja kana kwamba hakuna mwingine duniani, kisha anahamia wa pili. Kwangu mimi huo ni ufundi wa daraja moja na wa mchonga mpingo, tofauti ikiwa kwamba kinyago kinasifiwa siku kinapokamilika, na mkorosho uliobebeshwa unamsubirisha fundi hadi mwaka wa tatu hivi ndipo umtolee ushahidi.

Kusubiri huko ndiko kulikomponza. Wengi waliahidi kumlipa msimu ukifunguliwa. Msimu ukafunguliwa, mabibo yakapikwa uraka, bati zikaezekwa, naye akaambiwa “mwakani, ndugu yangu”. Hakumdai mtu mbele za watu. Mjane wake yupo, watoto wanasoma, na msimu huu mnada utakuwepo kama kawaida. Wenye deni lake wanajijua, wakalipe.