'Bonasi' ya chai si bahashishi, ni salio la mkulima

OKTOBA ikifika huku Itumbe, neno moja huyashinda mengine yote kwa kutajwa: bonasi. Karo, mabati ya nyumba, deni la dukani, vyote vinasubiri bonasi ya majanichai.

Majuzi nilikuwa katika kituo cha kupimia majani. Mama mmoja aliyekuwa ndiyo mwanzo anatua kikapu alilalamika kwamba pesa za mwaka huu ni kidogo. Kijana aliyemfuata kwenye foleni akamwambia: "Lakini mama, si hiyo ni bonasi tu? Ni kitu unapewa. Ukipewa kidogo unashukuru." Mama akanyamaza. Mimi nimeshindwa kunyamaza.

Bonasi tumelitohoa kutokana na neno la Kiingereza bonus. Waingereza nao walilitwaa kutoka Kilatini, ambako ni kivumishi chenye maana ya '-ema' au '-zuri'. Ndiyo ile buya tunayoisema Wagusii tukiamkuana asubuhi, bwakire buya. Katika karne ya 18, wafanyabiashara wa soko la hisa la London walikigeuza kivumishi hicho kuwa nomino, wakimaanisha kitu chema kilichoongezwa juu ya kile ulichostahili. Hata Kilatini chenyewe walikiboronga, kwa sababu 'kitu chema' ni bonum. Bonus ni umbo la jinsia ya kiume. Kwa ufupi, neno hili lilianza kama sheng ya madalali.

Leo mfanyakazi akiambiwa atapata bonasi, anaelewa kwamba mshahara wake uko palepale, na juu yake mwajiri ameongeza kitu. Bonasi inaishi mtaa mmoja na bahashishi, takrima na marupurupu. Haya ni maneno ya ziada. Ziada ikikosekana, huna wa kumdai.

Je, pesa za Oktoba ni ziada? Tazama zinavyopatikana. Mkulima hupeleka majani mabichi, kiwanda kikayasindika, chai ikauzwa, nyingi yake kwenye mnada wa Mombasa. Kila mwezi mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kilo. Mwaka wa fedha ukifungwa mwezi wa Juni, hesabu hupigwa: mauzo yote, toa gharama, toa kile kilicholipwa mwezi baada ya mwezi. Kinachobaki ndicho kinacholipwa. Tuseme mkulima alilipwa Sh25 kwa kilo kila mwezi, kisha Oktoba akalipwa Sh20. Bei ya kilo yake haikuwa Sh25 pamoja na zawadi ya Sh20. Bei yake ilikuwa Sh45, ila imemfikia kwa mafungu mawili.

Najua atakuwapo msomaji wa kunipinga. Atasema kwamba katika karne ya 19 Waingereza walilitumia neno hili pia kwa gawio la ziada walilolipwa wenye hisa, na kwamba tangu KTDA ibinafsishwe mwaka wa 2000, wenye hisa wa viwanda ni wakulima wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini gawio hulipwa kwa hisa, ilhali pesa hizi hulipwa kwa kilo. Ni bei ya majani. Isitoshe, neno hufanya kazi kwa maana iliyo vichwani mwa wanaolitumia leo, na yule kijana wa foleni hakuwa akiwaza gawio.

Sisi wa vyombo vya habari tuna lawama yetu. Tunaandika 'wakulima wapewa bonasi', na huko vituoni watu wanasema 'wametupea bonasi'. Kitenzi hicho ndicho kinachokamilisha kosa. Anayepewa hushukuru, anayelipwa huhesabu. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika mara nyingi kwamba wanapata kidogo kuliko wenzao wa mashariki. Huenda tofauti hiyo ina sababu zake: ubora wa chai, bei ya mnada, gharama za kiwanda, madeni. Ila swali la kwa nini ni swali la mtu anayedai hesabu ya mali yake. Mwenye kungojea zawadi haulizi.

Tuandikeje basi? 'Malipo ya pili' yapo tayari katika nyaraka za sekta yenyewe, na yanaeleweka. Mimi napendelea 'salio'. Hakuna mtu Itumbe asiyelijua, kwa sababu kila siku anaangalia salio kwenye simu yake, na anajua kwamba salio ni pesa yake mwenyewe iliyobaki. Hata likipungua kwa shilingi moja, atataka kujua imekwenda wapi.

Sitarajii watu waache kusema bonasi kesho. Neno limeshazoeleka na lina utamu wake. Lakini gazetini tuandike 'wakulima walipwa salio', ili mama yule akilalamika tena, asijibiwe kwamba ashukuru.