Kitabu cha Darwin na Mawe ya Malindi

Charles Darwin alipoipata fikira yake juu ya miamba ya matumbawe, alikuwa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, wala hakuwa amepata kuona mwamba wa namna hiyo kwa macho yake. Alikiri hivyo mwenyewe baadaye. Visiwa vya Cocos alivifikia mwezi wa Aprili, 1836, na kitabu chake kilitoka London mwaka wa 1842.

Hoja yake ni nyepesi kufuata. Matumbawe yajengayo mwamba hayastawi chini ya pima ishirini au thelathini. Basi mwamba uliosimama juu ya kilindi ulianzaje? Darwin ajibu kwamba ulianza ukingoni mwa kisiwa. Kisiwa kikazama polepole, na matumbawe yakajenga kwenda juu kwa kadiri ile ile, hata kisiwa kikatoweka, ikabaki pete ya mwamba. Ni jibu la kupendeza, tena la kweli. Mwaka wa 1952 kisiwa cha Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki, kilitobolewa, na zaidi ya mita 1,200 za mawe ya matumbawe zikapitwa kabla ya kufika kwenye mwamba wa volkano.

Lakini mwanafunzi wa Kakuyuni na ashuke Malindi na kitabu hicho mkononi. Ufukoni ataona jabali la kijivu, lenye ncha kali, lililoliwa na mawimbi chini yake. Akitazama vizuri ataona ndani yake nyota za matumbawe na makombe ya kale. Kuta za Gede zilijengwa kwa mawe ya namna hii. Nani aliyeyatoa majini?

Darwin angejibu upesi: nchi imeinuka. Hapa ndipo ninapomlaumu. Nchi kwake hupanda na kushuka, bali bahari hukaa kimya kama maji ya mtungi. Leo twajua kuwa bahari nayo husafiri. Wachunguzi hulihusisha jabali letu, walau tabaka zake za juu, na zama za miaka kama 125,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto na bahari ikasimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Kisha barafu ikayafunga maji. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Mwamba wa zamani ukabaki kilima kikavu chenye kunyeshewa mvua, na matumbawe hai yakaufuata ufuko huko chini. Barafu ilipoyeyuka yakarudi pamoja na maji.

Tusimwonee, hata hivyo. Nyuma ya Kilifi liko jiwe la chokaa la Kambe, la zama za Jurasiki, nalo lina matumbawe yake. Bahari iliyolizaa ilifunguliwa na mpasuko wa nchi yenyewe, Afrika na Bukini zilipokuwa zikiachana. Hapo barafu haina la kusema.

Liko jambo moja ambalo Darwin aliligusa akapita. Alijua kuwa matope huyadhuru matumbawe, akalitumia kueleza mapengo ya mwamba mbele ya midomo ya mito. Msomaji wa Kakuyuni, aujuaye Mto Sabaki unapokuwa mwekundu wakati wa masika, angemtaka akae hapo zaidi. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka kama mti. Tumbawe moja la Malindi lilisomwa joto la bahari la miaka 194, habari zake zikatolewa mwaka wa 2000. Jingine, lenye umri wa miaka 300 hivi, lilionyesha kuwa udongo uletwao na mto ulizidi sana tangu mwanzo wa karne ya 20, mashamba yalipoongezeka bara. Mwaka wa 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani hii yakageuka meupe yakafa. Mwamba wa kale ulikuwa na maelfu ya miaka ya kuifuata bahari. Huu wa leo umepewa joto na matope kwa pamoja, katika maisha ya watu wawili watatu.