Heko, Mafundi wa Ford za Mbio

Pongezi ziwaendee vijana wa Marekani wa miaka ya 1910 na 1920, pamoja na wote wanaoiendeleza kazi yao hadi leo. Walichukua Ford Model T kuukuu, wakang'oa bodi nzito, wakabakiza chesisi na injini ya nguvu za farasi 20. Wakaishusha karibu na ardhi, wakafunga viti viwili, tangi la mafuta nyuma, na boneti ya bati waliyoikunja wenyewe. Aliyejaliwa vijisenti aliongeza silinda hedi ya kampuni ya Frontenac, kazi ya ndugu wa Chevrolet. Mwaka 1923, Ford yenye hedi hiyo ilishika nafasi ya tano katika mbio za magari za Indianapolis. Ujuzi uliziba pengo la fedha. Mafundi hawa wanastahili heshima yetu yote.